Jini wa Thuraya

"Taja jina lako," Sheikh Nasr alisema mara ya tatu.

Thuraya alikaa kitako mkekani, ushungi umemfunika uso, mkono wake mkononi mwa mumewe, Harub. Miezi saba ya ndoa, na Thuraya hajamtamani mumewe hata siku moja. Mama mkwe, Bi Shaikha, alikuwa keshakata shauri: huyu ana jini mahaba, mwenye wivu. Jini asipotoka leo, talaka.

Mara maji ya falaji, mfereji wa mashamba unaopita nje, yanayochuruzika mchana kutwa, yakanyamaza. Wanawake sebuleni nao wakanyamaza.

"Keshakuja," Bi Shaikha alinong'ona nyuma ya mlango.

Thuraya alijua ni zamu ya shamba la jirani, maji yamegeuziwa huko. Hata hivyo nywele zilimsimama. Akajisikiliza ndani, akiomba, maskini, jini awepo kweli. Jini hulaumiwa, akatoka, watu wakala halwa. Akiigiza sauti nzito sasa hivi, ndoa imepona.

Asubuhi alikuwa ameandika kwenye kundi la siri simuni, la vijana wanaopenda wasioruhusiwa kuwapenda. Jibu la kwanza lilimchoma: "Wewe una mume halali. Kwetu unatafuta nini?" Hata waliofukuzwa makwao wamemfukuza. La pili lilitoka kwa mwanakundi mwingine, Wiam: "Usimsikilize. Wapo wasiomtamani mtu, si mwanamume si mwanamke, na hawaumwi. Wewe mwenzetu. Hapa pako."

"Nakuuliza, wewe nani?" Sheikh alirudia.

"Ni mimi," Thuraya alijibu, kwa sauti yake mwenyewe.

Sheikh akasogea nyuma.

"Mimi nani?"

"Thuraya. Hamna mwingine humu, sheikh."

Akafunua uso. Harub akamtazama.

"Kumbe hunipendi," alisema.

"Nakupenda. Nikisikia gari yako inaingia, moyo hutua. Mwili tu ndio haukuiti, na sidhani kama utakuita. Ukitaka kuniacha niache, lakini uniache mimi, usimsingizie jini."

Harub aliutazama mkono wa mkewe, bado umo mkononi mwake.

"Jini nilikuwa tayari kupigana naye," Harub alisema mwishowe. "Miezi yote hii nimemchukia. Wewe nitakuchukiaje?"

Sheikh alifunga msahafu akatafuta viatu vyake. Mlango ukagongwa.

"Keshataja jina?" Bi Shaikha aliuliza.

"Keshataja, mama," Harub alijibu. " Anaitwa Thuraya."

"Na atatoka?"

Harub hakuuachia mkono wa mkewe.

"Hatoki, mama. Hapa kwake."