Kitovu cha Mazoon

Mnyama yule hali kitu, na hilo ndilo lililomtia Khole wasiwasi. Mrihani umestawi, mdimu majani yake yamefika chini, mbuzi wa jirani akipata upenyo habakishi hata kijiti. Huyu kasimama tu penye mawaridi, mchana kweupe, ananusa udongo.

Ghazali wa Oman Khole alikuwa akimjua, paa mdogo, rangi ya mchanga. Huyu mkubwa kama ndama, mwekundu, mgongo mzima umejaa madoa meupe, na pembe zimechanua matawi. Wanyama wa namna hii wako Bara Hindi, si hapa Al Khoudh. Tena lango la chuma limefungwa kwa komeo na ukuta unampita mtu kimo. Kapita wapi?

"Mama! Hebu njoo uone!"

Bi Mahfoudha, mkwewe, akatoka jikoni na mwiko wake mkononi. Bibi huyu wa Unguja ulimi wake haukujua kupumzika, hata akila anasema. Alipochungulia dirishani aliuweka mwiko chini.

"Ya Rabi," akanong'ona. "Pale nimekizika kitovu cha Mazoon."

Tuelezane. Kwao Unguja, kitovu cha mtoto kikianguka huzikwa uani, ili mtoto awe na kwao. Mazoon alikuwa mjukuu wa kwanza kuzaliwa Muscat, na Bi Mahfoudha, aliyeishi Oman miaka mingi akiulizwa wewe wa wapi, aliapa huyu hataulizwa. Basi akachimba. Lakini nyumba ilikuwa mpya, miaka ile ya tisini Al Khoudh ikijengwa mbio mbio juu ya changarawe tupu, na udongo wa bustani uliletwa kwa lori. Chini kidogo akakuta jiwe. Akakifukia juu juu, akarudi ndani kuchemsha maji ya mzazi, maana Khole alikuwa bado kwenye arubaini yake.

Mnyama akaparua kwa kwato. Akainamisha kichwa, na alipokiinua alikuwa anatafuna.

Chumbani Mazoon alikuwa akilia, kile kilio chake kikali ambacho Sleiman, baba yake, akikitania kuwa king'ora. Kilio kikakatika katikati.

Khole alikimbia. Mtoto alikuwa macho, mzima, anatazama dirisha.

Tangu saa ile Mazoon hakulia tena. Ukimpa ziwa anageuza uso, na maziwa ya kopo yakimiminwa mdomoni yanatoka yalivyoingia. Daktari akasema mtoto hana maradhi. Maziwa ya Khole yakakauka. Utosi wa mtoto, uliokuwa ukinukia udi, ukaanza kutoa harufu ya ngozi mbichi, na kila Alasiri nyumba ikitulia husikika kitu kinatembea ukumbini juu ya marumaru, ko, ko, kinafika mlango wa chumba cha mzazi na kusimama, na Khole, mtoto kifuani, hathubutu hata kumeza mate, kwa kuwa Mazoon huwa amegeuza shingo kuuelekea ule mlango na kuchezesha miguu, kama mtoto anayesikia nyayo za mamaake.

"Katoroka kwenye shamba la tajiri fulani," Sleiman alishikilia. "Khalas, basi, nitauliza." Akauliza kote, mpaka Seeb. Hakuna aliyewahi kufuga mnyama kama huyo. Aliporudi hakusema tena habari za tajiri. Akaenda Bawshar kumchukua Mwalim Awadh, anayewasomea watu wenye majini.

Mwalim alifika baada ya Alasiri. Alichota udongo wa penye mawaridi, akaunusa, akautupa upesi.

"Mlizika kitu hapa?"

"Kitovu cha mjukuu wangu," Bi Mahfoudha akajibu.

"Mliwaomba wenyewe?"

"Wenyewe nani, Mwalim? Nyumba yetu hii, mwanangu kajenga!"

"Nyumba yenu. Ardhi wako watu humu kabla yenu. Mmewawekea kitovu mlangoni mwao, nao wamefahamu kuwa wamepewa mtoto."

"Sikuwapa!" Khole akapiga kelele. "Wallahi sikumpa mtu mwanangu!"

"Nnajua, binti yangu. Mimi nabaki hapa kusoma, na Inshallah watamrudisha. Nyinyi ondokeni kabla ya Maghribi. Kikiwaita kitu huko nyuma, msigeuke, wala msiitike."

Wakaingia garini waende Al Amerat, kwa dada yake Sleiman. Walipotoka langoni Khole akahisi kidole chake kimeshikwa. Mazoon amekibana, anatafuta ziwa. Akafungua kifungo haraka, mtoto akanyonya kwa pupa, na Bi Mahfoudha kiti cha mbele akalia kwa furaha, alhamdulillahi, alhamdulillahi, umerudi salama mama yangu.

Ndipo kilio kilipotoka bustanini. Kilikuwa kile kile cha king'ora, kilio cha Mazoon, ambacho Khole angekitambua hata katikati ya vilio vya watoto wa mji mzima, kinapanda, kinakwama, kinapanda tena, cha mtoto mwenye njaa aliyeachwa peke yake jua linatua, na ziwa lile jengine, lililokuwa limekauka kau, likafurika maziwa mpaka kanzu ikalowa.

"Sleiman, simamisha gari."

"Ndio hila zao, mwanangu," Bi Mahfoudha akamkamata mkono. "Wako huyo hapo, ananyonya. Usigeuke."

Sleiman akakanyaga mafuta. Khole hakugeuka.

Hawakurudi kukaa Al Khoudh, walibaki Al Amerat. Mnyama hakuonekana tena, na Mwalim Awadh alisema kazi imekwisha. Mazoon akanenepa, akatambaa, akacheka, mtoto mzuri mashallah. Khole alimpenda. Alimpenda kwa bidii, kama mtu anayefanya kazi ili asipate lawama. Kwani kila Alasiri, kutoka ng'ambo ya milima, kilio kilikuja, akakisikia yeye tu, na ziwa la kushoto likashusha maziwa. Mazoon akaachishwa kunyonya, akajua kusema, na bado kanzu ilikuwa inalowa upande mmoja. Kilio chenyewe hakikukua. Kilibaki cha kichanga.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na akaulizwa basi huyu unayemlea ni nani?

Mwaka Mazoon alipoanza skuli, Bi Mahfoudha akampeleka Alasiri moja kununuliwa viatu. Sleiman yuko kazini. Khole akabaki peke yake, na kilio kikaja, dhaifu safari hii, cha mtoto aliyekwisha kuchoka kuita.

"Labeka, mama," Khole akasema. "Nnakuja."

Akavaa buibui, akachukua funguo za gari.