Nyumba Iliyoita Zimamoto

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, lakini moyo wake ulikuwa zimamoto. Ujanani aliomba kazi huko mara tatu, na mara tatu wakamrudisha kwa sababu sikio lake la kushoto halisikii. Basi akabaki mshabiki. Wenzake walishabikia mpira, yeye alishabikia magari mekundu. Ungemwamsha usingizini akakutajia gari gani linabeba lita ngapi za maji, na king'ora kikilia mtaa wa tatu alijua kama ni zimamoto au ni gari la wagonjwa kabla hujageuza shingo.

Kila Jumamosi asubuhi karakana yake iligeuka baraza. Alikuja Mzee Breki, aliyeendesha gari la zimamoto miaka ishirini na sita na kustaafu bila kugonga hata kuku. Alikuja pia Sista, muuguzi wa gari la wagonjwa, aliyeacha kazi magoti yalipomkatalia. Walikaa kwenye benchi lenye madoa ya rangi, chai mkononi, katikati yao redio ya upepo kuukuu ambayo Mzee Breki aliifufua mwenyewe. Ilinasa mawasiliano ya zimamoto. Walisikiliza kama watu wengine wanavyosikiliza mechi.

Jumamosi hiyo nami nilikuwepo, nasubiri fremu ya dirisha langu ikauke rangi. Walikuwa wanabishana kinachoua watu wengi zaidi, moto au moshi.

"Moshi," Sista alisema. "Moto unakuja kuzika tu."

"Na ninyi wa gari la wagonjwa mnakuja kusaini," Mzee Breki akamchokoza.

"Afadhali sisi tunakuja kwa ajili ya watu. Ninyi kutwa mnamwagilia mabati, utadhani yataota!"

Mjomba alicheka mpaka chai ikampalia. Alikuwa bado anakohoa redio ilipokwaruza.

"Zimamoto. Zimamoto. Tunaungua."

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Haikupiga kelele. Iliongea taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Nyuma ya kiwanda cha matofali. Nyumba ya mwisho. Niko na mwanangu. Mlango umefungwa kwa nje."

Tulisubiri kituo kimjibu. Hakikujibu.

"Huyu ni raia," Sista akasema. "Ameingiaje kwenye redio ya zimamoto?"

Mzee Breki alikuwa ameshapiga simu kituoni, kwa kijana ambaye yeye ndiye alimfundisha kazi. Aliongea maneno machache, akakata. "Wanasema hakuna moto. Wao hawajasikia kitu."

"Zimamoto," ile sauti ikarudia. "Mwanangu amelala. Simwamshi tena."

Mjomba hakuuliza mtu. Alibeba mtungi wa kuzimia moto, mtaimbo na ule mkasi mkubwa wa kukatia minyororo, akavitupa nyuma ya pikapu. Sista alichukua mkoba wake wa dawa. Mzee Breki alibaki amesimama pale benchi, kikombe kimeinama, chai inamwagikia kiatu. Hakuihisi. Kisha naye akapanda.

"Mwanangu," Mjomba akaniambia, "kaa na redio. Ukisikia lolote nipigie."

Yaliyotokea njiani na kule ndani nilisimuliwa na Sista, si mara moja. Kila mara alisimulia vilevile, neno kwa neno, kama mtu anayesoma ukutani.

Walipokaribia kiwanda cha matofali, Mzee Breki alifungua mdomo.

"Sauti ile naijua," alisema. "Nyumba ile iliungua miaka minne iliyopita. Mimi ndiye niliyeendesha gari."

Aliwaeleza akiwa anatazama mbele. Mume mtu ndiye aliyeiwasha. Aliwafungia mkewe na mtoto chumbani, kisha akasimama mlango wa mbele na panga. Zimamoto walipofika aliwashambulia. Askari wa kwanza alimkata bega likaning'inia. Wa pili alimpasua kofia. Wakarudi nyuma. Moto ulimla mume palepale mlangoni, amesimama, hajaachia panga. Na muda wote huo mama yule alikuwa anaita kutoka ndani.

"Tulimsikiliza," Mzee Breki alisema. "Watu saba wazima, na maji tele kwenye gari. Tulimsikiliza mpaka akanyamaza."

"Geuza gari," Sista akamnong'oneza Mjomba.

Mjomba alikanyaga mafuta.

Mimi nilibaki na redio. Kwa muda ilikoroma tu. Kisha yule mwanamke akarudi, na sasa sauti yake ilikuwa na haraka.

"Wamefika. Nawasikia. Waambieni wasipige kelele."

Nilisimama.

"Waambieni wasifungue kwa nguvu. Atasikia."

Nikampigia Mjomba. Simu iliita, ikaita. Nikapiga tena. Ikaita mpaka ikakata.

"Ameamka," redio ikasema.

Nyumba ilikuwa imebaki kuta. Nusu ya paa ilishaanguka, jua la saa nne linapenya hadi sebuleni. Majani yameota dirishani. Hapakuwa na moshi, wala harufu. Kulikuwa na geti jipya la chuma pale palipokuwa mlango, na mnyororo umezungushwa mara nyingi. Mjomba aliukata mapande matatu. Kila pande lilianguka sakafuni kwa kishindo.

Waliingia. Hatua mbili tu ndani, joto likawapiga usoni. Sista aligeuka nyuma. Nje jua lilikuwa linawaka, ndege wanalia. Ndani macho yalianza kumwaga machozi.

"Huku," sauti ya mwanamke ikasema kutoka ndani, chumba cha mwisho. Safari hii haikutoka redioni.

Mjomba alishika ukuta, akautoa mkono haraka. Ngozi ya kiganja ilibaki ukutani.

Wakakimbia ukumbini. Mlango wa chumba ulikuwa kipande cha mkaa. Mjomba aliupiga mtaimbo mara moja, ukavunjika. Moshi mzito ukawamwagikia. Ndani hakuonekana mtu, ila sakafuni kulikuwa na umbo la kitu kilichojikunja juu ya kitu kidogo. Sista alipiga magoti, akanyoosha mkono kutafuta mapigo ya moyo. Miaka thelathini ya kazi ndiyo iliyounyoosha mkono ule.

"Mtoe mtoto," umbo likanong'ona.

Nyuma yao kitu kilikwaruza ukuta. Chuma juu ya tofali. Polepole.

Alikuwa amejaa ukumbini. Mweusi, amepasuka kama udongo wa kiangazi, na ndani ya ile mipasuko mlikuwa na wekundu. Hakuwa na midomo. Panga alikuwa nalo.

Pigo la kwanza lilimpata Sista mkono wa kulia. Aliusikia mfupa ukilia kabla ya kusikia maumivu. Mjomba alimgeukia na mtaimbo, akampiga ubavuni. Ubavu uliingia ndani. Hakuyumba. Akampiga kichwani. Kichwa kikalala bega, kikainuka tena. Panga likashuka, likachukua vidole viwili vya Mjomba pamoja na kipande cha mlango. Mjomba alipiga yowe, akapiga tena, akapiga tena, damu inamrukia machoni. Yule mtu alimshika koo kwa mkono mmoja, akambamiza ukutani. Mara moja. Mara mbili. Plasta ikaporomoka. Mara ya tatu Mjomba hakuona kitu.

Hapo ndipo Mzee Breki alipopita.

Hakuwa na silaha. Alikuja amenyoosha mikono, akamkumbatia yule mtu kwa mbele, kama unavyomkumbatia ndugu aliyepotea miaka. Wakaanguka pamoja. Panga likaanza kufanya kazi mgongoni mwake.

"Tokeni!" alisema. Hakulia. "Leo sirudi nyuma. Tokeni!"

Pigo. Pigo. Pigo.

Sista alimvuta Mjomba kwa ukosi wa ovaroli kwa mkono mmoja uliobaki mzima. Mjomba aliinuka, akapepesuka, akawaruka wale wawili. Anakumbuka jambo moja tu la ukumbi ule. Alijihisi mzito. Alidhani ni kizunguzungu. Lakini uzito ulikuwa juu, mabegani, na ulikuwa unamminya shingo.

Redioni, mimi nikasikia yule mwanamke kwa mara ya mwisho.

"Mshike vizuri, mwanangu. Usitazame nyuma."

Kisha pakawa kimya. Hata kukoroma kuliisha, ingawa taa ya redio ilikuwa inawaka.

Walipotoka nje walianguka kwenye majani. Sista alifunga mkono wake kwa mtandio, akafunga wa Mjomba, akapiga simu. Gari la wagonjwa lilikuja, gari la zimamoto likaja. Vijana wa zimamoto waliingia wakiwa wamejihami kwa kila kitu. Walikuta kuta za baridi. Walikuta majani. Walimkuta Mzee Breki amelala kifudifudi ukumbini, peke yake, amekumbatia sakafu.

Polisi walimhoji Mjomba siku nne, mkono umefungwa bendeji. Panga halikupatikana. Sista alitoa maelezo yaleyale kila walipomuuliza, nao wakayaandika kila mara, wakayafuta, wakayaandika tena. Kilichomwokoa Mjomba ni daktari aliyeupasua mwili. Majeraha ya mgongoni yalikuwa ishirini na moja, lakini alisema si yaliyomuua. Mapafu ya marehemu yalijaa masizi kama bomba la jiko. Na nywele zake, shati lake, ndevu zake nyeupe, hakuna hata unywele mmoja ulioungua.

Tulimzika Alhamisi. Wenzake wa zamani waliwasha ving'ora vya magari yote ya kituo, vikalia kwa pamoja dakika nzima. Mjomba alisimama kando ya kaburi bila kuziba masikio. Aliniambia baadaye kwamba alivisikia kwa masikio yote mawili. Sikumbishia.

Nyumba ile ilibomolewa. Karakana bado ipo, na Jumamosi Sista huja, mkono wa kulia umepinda, wakanywa chai wawili. Huongelea magari mapya, mipira ya maji, nani kapandishwa cheo. Hilo jingine hawaligusi.

Lakini kuna kitu mke wa Mjomba alinionyesha.

Bendeji za shingo zilipotolewa hospitali, alikuta mumewe ana alama mbili za kuungua shingoni, moja kila upande. Zilikuwa viganja. Vidogo, vya mtoto wa miaka mitatu hivi, vidole vimeshikilia kama vya mtoto aliyebebwa mgongoni. Daktari alisema kovu litafifia.

Sasa ni mwaka wa kumi na moja. Halijafifia. Mke wa Mjomba hulipima kila mwaka kwa uzi, na hamwambii mtu uzi huo anauweka wapi. Kila mwaka huongeza kipande.

Mwezi uliopita Mjomba alisinzia kwenye kiti, shati limefunguka. Mkewe aliniita kwa kidole. Nikakaribia, nikaweka kiganja changu juu ya kovu la upande mmoja, kidole juu ya kidole. Vililingana.

Nilipotaka kuuondoa mkono, vidole vya kovu vikakaza, vikaushika.