Fundi Aliyemwonea Wivu Mwanyumba Wake

Ndugu zangu wa mtaa huu, leo nawapa habari ya fundi wa kuchomelea mageti, jirani yangu wa ukuta mmoja. Najua wengine mtanuna. Nuneni, lakini sikieni.

Karakana yake ilikuwa na amani. Yeye alichomelea, mkewe alipiga rangi, wakataniana mchana kutwa kama wachumba. Mashine ya kuchomelea ilikuwa yao wenyewe, wateja hawakukatika, na watoto walikwenda shule wameshiba.

Jumapili moja walimtembelea mwanyumba wake, kinyozi aliyemwoa dada wa mkewe. Sebuleni wakakuta makochi mapya. Mke wa fundi akajitupa juu ya kochi moja, akacheka, "Dada, wewe umepata mume!" Ulikuwa utani tu. Fundi akatabasamu, lakini roho ilimuuma vibaya.

Kinyozi akamwonyesha simu yake. Kampuni moja ilimpa akaunti ya majaribio akisie bei za mafuta na dhahabu za miezi ijayo. Ilionyesha faida ya kutisha.

"Hizi si hela, mwanyumba," kinyozi akasema. "Ni za kuigiza. Kwanza ufaulu mtihani wao, ndipo wakupe hela zao za kweli uzizungushe, mgawane faida. Ukipoteza kupita kiwango cha siku wanakufungia, na ada uliyolipa hairudi."

Mtu akiambiwa wazi hivyo, si anaelewa? Fundi hakusikia. Alikuwa anatazama makochi.

Kesho yake akalipa ada kimyakimya. Akafeli. Akalipa tena, akafeli tena, kila mara akijiambia kwamba kinyozi yule hawezi kumzidi akili. Hela ilipomwishia, akauza mashine. Mkewe akaambiwa imepelekwa matengenezo.

Jaribio la mwisho lilikwenda vizuri, nisimnyime haki yake. Alikisia kidogokidogo, akatulia, ikabaki kidogo afaulu. Ndipo mkewe akaingia akitokea kwa dada yake.

"Wenzetu wanaweka vigae," akasema. "Nyumba inang'aa!"

"Vigae? Sebuleni?"

"Mpaka barazani, baba watoto."

Basi tena, wivu ukampanda kichwani. Siku hiyo alikuwa ameshapata hasara, na mwenye busara angefunga simu hadi kesho. Yeye akaongeza dau mara kumi, amalize mtihani papo hapo, naye aweke vigae vyake. Bei ya mafuta, aliyokisia itapanda, ikashuka, hasara ikapita kiwango, akaunti ikafungwa huku anaitazama.

Akatoka mbio hadi kwa kinyozi.

"Niambie hela unazitoaje! Usinifiche, sisi ni ndugu!"

Kinyozi akazima mashine ya kunyolea. "Nitoe nini? Akaunti yangu ilifungwa wiki ileile mliyokuja. Sijapata hata senti."

"Na makochi? Na vigae?"

"Hilo ni jasho la shemeji yako. Mwaka mzima anashona sare za shule. Kwani hujui?"

Mteja aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, akaangua kicheko.

Mkewe alipojua mashine imeuzwa, aliosha brashi zake za rangi, akaenda kuomba kazi ya kushona kwa dada yake. Fundi naye anachomelea kwa mashine ileile, kibarua wa kutwa, katika karakana ya mtu aliyeinunua.

FUNZO

Katika akaunti ya majaribio faida ni ya kuigiza, lakini ada unayolipa ni hela yako kweli. Zisome kanuni zao kabla hujalipa, na kama huwezi kuzifuata siku ukiwa na hasira, usilipe kabisa. Usiuze kinacholisha watoto wako ili umpite mtu ambaye hata hashindani nawe. Na mwenzako akinunua kitu kikakuuma, muulize mapema amekipataje. Fundi wetu aliuliza akiwa hana tena cha kuuza.