Hofu Aliyoiacha Theodory

Siku ya nne baada ya maziko ya mumewe, Costancia alikuta mlango wa kabati la chumbani uko wazi. Akaufunga. Aliporudi na fagio ulikuwa wazi tena, na chumba kizima kilinuka mbao mbichi, kama jeneza lililotoka kwa fundi.

Hofu hazifanani, hata kwa watu wanaolala kitanda kimoja. Costancia aliogopa maji tangu mafuriko ya Kilosa. Akiona mto umejaa, anageuza njia. Mumewe, Theodory, aliogopa kufungiwa. Kanisani pale Mamboya alikaa karibu na mlango, na mlango ukifungwa tu, pumzi zinamkatika, jasho linamtoka. Mwanaume mzima! Watu walimcheka sana.

Msibani, Devota, mtani wa ukoo, alifanya kazi ya watani, kumwigiza marehemu ili wafiwa wacheke. Alijilaza kando ya jeneza, akarusha miguu, akapiga kelele, "Jamani nifungulieni, nakosa hewa!" Waombolezaji walicheka. Costancia naye alicheka, na hilo ndilo lililokuwa likimuuma.

Sasa Devota alikuwa amesimama mbele ya kabati mchana kweupe, utani wote umemwisha.

"Mama Imani, mimi ndiye niliyeliita," alimnong'oneza Costancia. "Hili ni jini. Limechukua hofu ya mumeo, na litaiga hata sauti yake. Tulifungie humo, likichoka litaondoka."

Wakalifunga kabati kwa kamba. Kwanza zikasikika pumzi. Halafu kucha zikaanza kuparua mbao kutoka ndani, taratibu, kisha kwa haraka, na sauti ya Theodory ikamwita mkewe, ikaomba, ikalia, ikakohoa, ikaomba tena, mpaka Devota akaziba masikio na kuanza kusali Baba Yetu huku akiruka maneno.

"Usifungue! Siyo yeye!"

"Na kama ni yeye?" Costancia alikuwa analia. "Nilishamcheka, Devota. Nimfungie tena?"

Akakata kamba, akaingiza uso kwenye giza la kabati.

"Baba Imani, hofu yako niachie mimi. Wewe nenda kapumzike."

Kucha zikanyamaza. Harufu ya mbao ikatoweka.

Devota alitoka mbio kuwaita majirani, na kwa mazoea akauvuta mlango wa chumba nyuma yake. Costancia akahisi kifua kinabana. Akaanguka mlangoni, jasho likimtiririka, akaanza kuparua mbao kwa kucha.

Theodory hakusikika tena katika nyumba ile.