Mkate Uliong'atwa Mara Moja

Saa kumi na moja jioni, kituo cha Kosmonavtlar mjini Tashkent hufurika watu. Kuta zake ni za vigae vya buluu, na Mohinur, aliyesimama ukingoni mwa jukwaa kwa sketi ya samawati na kofia nyekundu, huwa kama mtu anayeelea angani. Mkononi ana kibao cha duara. Akikiinua, treni inaondoka.

Siku ya kwanza, dereva mgeni alichomoza kichwa dirishani mbele yake.

"Dada, hiyo kofia inauzwa?"

"Haiuzwi. Nenda, abiria wanakungoja."

"Na wewe unamngoja nani?"

Mohinur akainua kibao, na akacheka treni ilipokwisha kuingia gizani.

Jina lake Elyor. Mapenzi yao yakawa ya nusu dakika nusu dakika, mara nne kwa zamu. Katika vipande hivyo alijua kwamba Elyor anaishi na mama yake, kwamba hutoa karoti zote kwenye pilau, na kwamba sauti yake inamtoa yeye Mohinur akili. Namba ya simu Elyor aliwahi kuitaja dirishani, lakini tarakimu mbili za mwisho zilimezwa na kelele za reli.

Siku moja Mohinur alimletea mkate wa nyumbani, wa moto, wenye ufuta. Elyor akaung'ata mara moja, taa ikawaka kijani, na kwa kuwa mikono yote miwili ilitakiwa kwenye mitambo, akamrudishia mkate na kuondoka. Kesho yake akaja dereva mwingine. Elyor amehamishiwa reli mpya ya juu, madereva wenzake walimwambia.

Moyo wa Mohinur ulitulia. Hakuna asiyejua kwao kwamba anayeondoka huung'ata mkate, na wanaobaki huutundika mpaka arudi aumalize. Akaufunga mkate kwa kitambaa, akautundika msumarini katika kibanda chake cha kazi.

"Ameniaga," akamwambia Sanobar, mwenzake wa zamu.

"Kahamishwa reli, shoga, hajaenda vitani. Mbona haji?"

Wiki tatu zikapita. Washenga wa familia moja walikuja nyumbani kwa Mohinur mara mbili, na mara mbili mama yake akawapiga chenga. Jumapili wangekuja mara ya tatu, na safari hii mkate ungevunjwa. Ukivunjwa, umeposwa. Mama alimtaka ataje huyo anayemngoja, naye hakuwa na la kutaja ila jina moja na namba iliyokatika. Aliahidi kwamba ifikapo Jumamosi jioni bila mtu kutokea, atakubali.

Jumamosi, Elyor alishuka kutoka behewa la abiria, shati jeupe limepigwa pasi. Akasema madereva walimweleza habari za washenga, akaona asimharibie mtu neema yake. Amekuja kumpongeza tu.

"Lakini uliung'ata mkate," Mohinur akasema.

"Mkate gani?"

Akamwingiza kibandani, akaufungua. Ulikuwa mgumu kama kigae, na alama ya meno ubavuni.

Elyor akaigusa alama kwa kidole. "Mohinur, siku ile nilikuwa na njaa."

Uso ulimwaka Mohinur. Wiki tatu alikuwa ameota peke yake, na Sanobar mlangoni anasikia kila kitu. Akanyoosha mkono kuuchukua mkate, lakini Elyor akawahi kuushika.

"Una chai?"

Akammiminia bila kumtazama, akatoka kwenda kazini. Aliondosha treni mbili akiwa nje, machozi yakimlengalenga. Aliporudi, Elyor alikuwa ameketi kwenye kiti chake, akichovya kipande cha mwisho kwenye chai, mashavu yakimuuma kwa kutafuna. Akaokota na makombo yote ya mezani, akayala. Kisha akasimama.

"Nimerudi," akasema. "Kesho wanakuja saa ngapi?"

"Saa nne."

"Basi mama yangu atafika kwenu saa mbili. Nielekeze nyumba."

Mohinur akamwelekeza, mlango kwa mlango, taratibu, mpaka rangi ya geti. Nje treni ilipiga honi mara mbili, kisha mara ya tatu. Alikuwa amesahau kuinua kibao.