Pampu Iliyolia Ndani ya Karai

"Pampu ipi?"

Mjomba aliuliza hivyo saa saba mchana, jua likiwaka.

Mjomba wangu ni fundi pikipiki, mtu wa macho mekundu na mgongo uliokwisha kuchoka, na ana mwiko mmoja: haruki hatua. Betri kwanza, kisha fyuzi, kisha waya, pampu ya mafuta mwisho. Kila kipimo huandikwa ukutani kwa chaki. Siku hiyo alinitazama nilivyofura, akasema, "Mpwa wangu mwenye maneno mengi, shika chaki."

Nilikuwa na haki ya kufura. Pikipiki ililetwa na mjane mmoja, nayo ilikuwa ya marehemu mumewe. Ilizimika katikati ya kona, lori likampitia. Fundi wa kwanza hakuona kasoro, basi wakwe wakakaa kikao na kuamua kwamba mjane ndiye aliyeiroga. Eti hakuna ubovu, kwa hiyo ni uchawi. Chuoni mtu akileta hoja ya namna hiyo tunamcheka mpaka aketi. Hawa walimpa mjane hadi Ijumaa: alete ubovu ulioandikwa na fundi, au aache nyumba na watoto. Nasi tulikuwa Alhamisi.

Mjane mwenyewe aliketi kwenye benchi, hana hata nguvu ya kulia.

Betri, nzima. Fyuzi, nzima. Mjomba akaichomoa pampu tangini, akailaza kwenye karai ili apime umeme unaofika kwenye soketi yake. Akaniambia nigeuze ufunguo. Mmmmm. Sekunde tatu, kisha kimya, kama ilivyo kawaida ya pampu ikivuta mafuta. Nikaandika: pampu inalia.

Ndipo alipouliza, pampu ipi.

Ilikuwa ndani ya karai. Kavu. Waya zake hazijashika kitu.

"Mume wangu alikuwa akihesabu mpaka tatu," mjane alinong'ona, "ndipo apige stata."

Mjomba hakubishana. Alichomoa betri, akaiweka mbali. Nikageuza ufunguo tena.

Mmmmm.

Safari hii haikukoma.

Akashika usukani, akaukata kulia. Kimya. Akaurudisha. Mmmmm. Kulia. Kimya.

Kwenye ile kona, marehemu alikuwa akikata kulia.

Mjomba akachana ganda la waya kwenye shingo ya usukani, taratibu. Kwa nje waya mzima. Ndani, shaba ilikuwa imekatika kwa kukunjwa miaka nenda rudi. Karai likanyamaza. "Tumepata," akasema, kama mtu anayeomba akalale.

Aliandika karatasi: waya wa pampu umekatika shingoni, pikipiki huzimika ikikata kulia. Wakwe wakaisoma, wakaguna, wakamwacha mjane na nyumba yake. Radhi hawakuomba. Nami, ninayedai kila siku ushahidi wote uwekwe mezani, sikuwaambia ni nani aliyetuonyesha.

Maandishi ya chaki niliyafuta. Lakini hapo ukutani pana mistari mitatu ya kidole, imechorwa kwa petroli, na hakuna kati yetu aliyeichora. Huu ni mwezi wa nne. Haijakauka.

Mjane bado anaishi pale, na wakwe bado wanatafuta sababu ya kumtoa. Nakuomba jambo moja: haya usiwafikishie.