Mbele Kumejaa

Haya yalimkuta rafiki yetu Janice, mtu asiyejua kupamba maneno. Alitoka Kampala wikendi ya Pasaka, na mwenyeji wake Bilha akamzungusha kwenye misikiti na makanisa ya Kisumu. La mwisho lilikuwa kanisa dogo huko Kisian, ambako mama yake Janice alifungia ndoa. Mama alikuwa mahututi, na Janice alikuwa amemwahidi kwamba atamwombea palepale. Basi la kurudi lingeondoka saa kumi.

Mlinzi aliwazuia mlangoni. “Mama, ngojeni. Wanasali.”

Walingoja saa nzima. Sauti za rozari ndani hazikukoma.

“Mzee, unatuona wajinga?” Janice akafoka. “Mungu ni wenu peke yenu?”

“Ingia basi. Lakini mbele kumejaa.”

Akausukuma mlango kwa hasira. Madirisha yalikuwa yamefunikwa vitambaa vyeusi vya Ijumaa Kuu. Alipozoea giza, aliona viti vyote vitupu, na bado sala ilisikika karibu kabisa.

“Kumejaa nini?” akasonya. Akaenda mbele makusudi, akapiga magoti kwenye sponji ndefu ya kupigia magoti.

Sauti zote zikanyamaza. Kisha kando yake, polepole, sponji ikabonyea mahali pawili, kama chini ya magoti ya mtu.